Balatum Iliyoishia Kwenye Pazia

Kuko Jumanne moja yenye haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya salon yangu, sebule ya nyumba, pale Butembo, nimefungua kikwembe changu cha juu, kitenge cha kujifunga, na kukitandaza chini, natia alama kwa kaa, nakisogeza, natia alama tena. Nilikuwa napima chumba. Nilikuwa kijana, mwaka wa pili tu wa ndoa, na nilijiona muke mwenye akili kuliko wote wa avenue yetu.

Jina langu ni Kahindo. Shule niliiacha darasa la tatu, donc nitaandika pole pole, nawe usome pole pole, hakuna mutu anayetufukuza. Mujukuu wangu Kakule ndiye amenisukuma nishike kalamu. Mwezi uliopita alikuja hapa kwangu Beni, huku Mulekera, akanionyesha simu yake, akaniita mukaka, yaani nyanya, kama kawaida.

"Mukaka, angalia. Nataka kutia karo mu salon. Hesabu ya katoni niko nayo tayari."

Karo ni vile vigae vya sakafu. Nikaangalia picha. Viti vyote vilikuwa ndani, televisheni ndani, pazia limeshuka mpaka chini. Nikacheka mpaka machozi, naye akafikiri namucheka umaskini. Hapana, mwanangu. Nilikuwa namuona Kahindo wa siku zile. Kakule si wa kwanza katika ukoo huu kupima chumba kabla ya kutoa vitu, na ningependa awe wa mwisho.

Wakati ule bwana yangu, Kambale, alikuwa anaendesha lori. Alipakia vitunguu na viazi Kirumba, akavileta Butembo. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo dada yake mudogo, Masika, alikaa kwetu, na kwetu ndipo alipochumbiwa. Kijana aliitwa Paluku, wa Beni, mutoto wa watu wa kahawa. Masika alimupenda. Hakusema, lakini ukitaja Beni tu karibu na jiko, sombe, mboga ya majani ya muhogo, inaungua.

Bakwe, yaani wakwe zetu wa upande wa Paluku, walituma habari: Jumamosi wanakuja na mbuzi. Musemaji wao alikuwa Mbusa, mujomba wa Paluku, mutu murefu, mwenye maneno mengi, anayependa kuchekesha watu hata pale wasipotaka kuchekeshwa. Alituma kusema watakuwa watu wanane.

Sakafu yetu ilikuwa udongo uliopigwa, umepasuka hapa na pale, kila ukifagia unatoka na miguu myekundu. Kambale hakutaka bakwe warudi Beni wakisema dada yake ametoka kwenye vumbi. Jumatatu, kabla ya kupanda lori, akaniambia, "Kahindo, enda kwa Bwana Saidi, ununue balatum. Itoshe chumba." Balatum, kama hujaijua, ni ile plastiki ngumu yenye maua, inaviringishwa kama mukeka, wanakukatia kwa metre na unaitandika juu ya sakafu. Karo, siku zile, tuliziona parokia tu na kwa matajiri.

Mama mukwe wangu, Kavugho, alikaa nyumba ya nyuma. Hakuwa mutu wa maneno mengi. Alisimama mulangoni, akaniambia jambo moja.

"Kahindo, utoe bintu byote inje. Byote. Kisha upime ukuta na ukuta."

"Ndiyo, mama."

Nilijibu upesi sana. Mutu anayejibu upesi hivyo, mwanangu, mara nyingi hajasikia.

Sasa nikuonyeshe chumba. Salon yetu ilikuwa ndefu, inaanza mulango wa mbele, inaishia ukuta wa nyuma. Sehemu ya mbele tulipokea wageni. Kisha kulisimama kabati ya vyombo, na ubavuni mwa kabati pazia la bluu, vyote mustari mumoja. Nyuma ya pazia tuliweka magunia ya maharagi, vitunguu vya Kambale vilivyokosa soko, majembe, madebe. Kutoa vitu vile kulikuwa kazi ya nusu siku. Na mimi kichwani nilikuwa nimesukwa upande mumoja tu, Masika ananingoja amalize wa pili. Nikajiambia: nani atakwenda kuangalia nyuma ya pazia? Mukwe anakaa pale anapokalishwa.

Basi nikapima kwa kikwembe. Sisi wanawake wa Butembo tulipima hivyo kila kitu, kitanda, mulango, shamba la mboga. Kutoka mulangoni mpaka miguu ya kabati: vikwembe viwili. Upana: vikwembe viwili na kiganja. Nikakikunja, nikakitia chini ya kwapa, nikaenda sokoni na nywele zangu za upande mumoja, nimezifunika na kitambaa.

Bwana Saidi alikuwa mufanyabiashara wa Kiislamu, mutu wa pole, mwenye fimbo yake ya metre ya mbao iliyolainika kwa kushikwa. Akatandaza kikwembe changu juu ya meza, akaweka fimbo juu yake.

"Mama, kikwembe yako haifike metre mbili. Inapungua kiganja. Ulifanya vizuri kuja nayo." Akakunja. Kisha akauliza, "Chumba ulikipima kikiwa tupu?"

"Tupu kabisa."

Aliniangalia kidogo. "Nauliza kwa sababu hii ya maua ndiyo ya mwisho. Nikikukatia, yenye itabaki itaenda leo leo na mutu mwengine. Na ile itakuja baadaye, haitafanana."

"Kata tu, Bwana Saidi."

Akakata vipande viwili, vya kulala kimoja kando ya kingine, urefu uleule niliosema. Ziada, hata kidole, sikuomba. Niliona kwamba kuomba ziada ni kukubali kwamba sijui kupima.

Kijana wa jirani, Muhindo, alinisaidia kuileta juu ya chukudu yake, lile gari la mbao la magurudumu mawili wanaume wanasukuma huku kwetu, na Alhamisi tukaitandika. Maua mekundu na ya njano, mwanangu! Nyumba ilinuka mupya. Nilivua viatu, nikatembea juu yake kama mutu anayepita kwenye maji. Balatum ilifika mulango wa mbele, ikafika ukuta wa kuume, upande wa dirisha ikakosa vidole vitatu kwa sababu ukuta haukuwa sawa, nikasukuma benchi pale. Na nyuma iliishia kwenye miguu ya kabati na upindo wa pazia.

Mama Kavugho akaingia kuona. "Imefika mpaka nyuma?"

"Imefika, mama."

Hakuinua pazia. Aliniamini, akaenda kuangalia kasiksi yake, pombe ya ndizi, kama imeiva. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo kuliko yote yaliyofuata, kwamba aliniamini.

Masika ndiye aliyeona. Ijumaa aliingia nyuma ya pazia kuchota maharagi, akatoka na sahani mukononi, akaniita yaya, yaani dada mukubwa.

"Yaya, balatum imeishia kwenye pazia."

"Najua. Nyamaza. Nani ataona?"

Alikuwa mutoto wa heshima. Alichota maharagi yake, akaenda.

Jumamosi ikafika. Kambale alikuwa amerudi, amenyoa ndevu, amevaa koti. Asubuhi tulipanga viti uani, chini ya bashi, turubai ya lori, wazee wangekula inje na salon ingekuwa ya maongezi tu, watu wanane wa kwao na wachache wa kwetu. Nilikuwa nimepanga vizuri. Kisha mawingu yakashuka kutoka upande wa Lubero, na mvua ikaanza saa ileile tuliposikia gari la bakwe linapanda kilima. Bashi ikajaa maji, ikapasuka katikati. Viti vikaelea.

Na watu wakaanza kushuka garini. Nikahesabu nikiwa mulangoni: wanane. Wakaendelea kushuka. Kumi na wawili. Mwanamuke na mutoto mugongoni. Wazee wawili wenye fimbo. Wote walikuwa kumi na kenda, na mbuzi walikuwa wanalia chini ya ukingo wa nyumba. Mbusa aliingia wa kwanza, maji yanamutoka kwenye kofia.

"Bakwe! Mvua ni baraka, lakini itatuua! Tuingie wapi?"

Watu wakajaa mbele. Wamesimama bega kwa bega, wamepakana matope, wengine bado inje wanalowa. Mama Kavugho akaniita.

"Kahindo, sukumeni kabati nyuma, mutoe pazia. Chumba ni kubwa."

Nikasogea kwake. "Mama, tuseme bengine baende jikoni, kuko moto..."

"Bakwe jikoni? Uko na akili sawasawa?"

Na Mbusa, kwa urefu wake, alikuwa amekwisha kusikia neno pazia. Akanyoosha mukono, akalikamata juu, akalivuta na kamba yake. Pazia likaanguka.

Mwanangu, kukaonekana udongo. Magunia, madebe, maganda ya vitunguu, na mbele yake mwisho wa balatum yangu, umekatwa sawasawa kama ukingo wa meza, maua yamekufa ghafla. Upindo wake ulikuwa umeanza kujikunja juu, na nyanya ya Paluku, mukaka Kyakimwa, kizee chembamba chenye macho makali, alikuwa anasukumwa na watu wa nyuma. Mguu wake ukanaswa pale. Akataka kuanguka. Nilimurukia, nikamushika kwa makwapa, sisi wawili tukatua juu ya gunia la maharagi.

Watu wote wakageuka kututazama.

"Eeh!" akasema Mbusa. "Nyumba hii imevaa mbele, nyuma iko uchi!" Mutu mumoja akacheka, akaacha. Mbusa akaona kuko watu wanamusikiliza, akaendelea, kama kawaida yake. "Sasa, bakwe, mutuambie ukweli. Na binti naye ni hivi? Mbele maua, nyuma vumbi? Labda turudishe mbuzi Beni, tukuje siku nyumba itamaliza kuvaa."

Ilikuwa mzaha. Lakini wazee wawili wenye fimbo walitazamana, na haukuwa mzaha tena. Mzee mumoja akageuka kuangalia mulango. Kambale alikuwa amesimama na mikono wazi, hajui pa kuitia, ananiangalia mimi. Nyuma ya mulango wa chumba cha kulala, Masika alikuwa amekaa amefunikwa kikwembe chake kipya, kwa sababu siku ile binti haonekani mpaka aitwe. Nilimusikia anavuta pua. Pale ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Niliokoa nusu siku ya kazi, na sasa mutoto wa watu alikuwa anapimwa kwa balatum yangu.

Ningeweza kusema duka liliishiwa. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Bwana Saidi hakuwa pale kunikanusha. Lakini nilimuona mama Kavugho, amesimama na pazia lililolowa mikononi, na nilikuwa nimemudanganya mara mbili, sikuwa na nguvu ya mara ya tatu.

"Baba Mbusa, munisamehe. Kosa ni yangu mie Kahindo. Mama alisema nitoe bintu byote, sikutoa. Nilipima mpaka pazia, kwa sababu nilijua mutakaa mbele. Masika aliona, akaniambia, nikamunyamazisha. Yeye hana kosa."

Nilisema haraka, kwa sauti isiyo yangu. Mukaka Kyakimwa alikuwa bado kwenye gunia, ameshika mukono wangu. Hakuuachia. Aliinama, akatazama udongo kati ya magunia.

"Hii alama ya fagio ni ya nani?"

Nikaangalia. Udongo ule wa nyuma ulikuwa umefagiwa. Kati ya gunia na gunia, mpaka kwenye pembe, mistari ya fagio ilionekana mizuri, ya asubuhi ile. Mimi sikufagia.

"Ni ya Masika, mukaka," nikasema. "Yeye njo anafagiaka."

"Alifagia penye alijua hakuna mutu atafika."

"Ndiyo, mukaka."

Kizee kikatikisa kichwa pole pole. Kisha kikamugeukia Mbusa, na macho yale makali yakaanza kucheka.

"Mbusa. Weye ulituma kusema tuko batu ngapi?"

"Munane, mama."

"Sasa hesabu."

"Mama, bengine balipanda gari njiani, nilifanya nini..."

"Hesabu!"

Mbusa akahesabu kwa kidole, watu wanacheka tayari, alipofika kumi na kenda mwenyewe akajifunika uso na kofia.

"Huyu mutoto alipima chumba ya batu munane," mukaka Kyakimwa akasema, "na kwa batu munane ilitosha. Weye njo ulianza kupima vibaya. Kaa chini, kama kuko nafasi. Na mie nimekwisha kukaa. Maharagi ya hapa ni magumu, lakini gunia ni nzuri."

Ah, mwanangu! Kile kicheko! Wazee wakacheka, Kambale akacheka mpaka akashika ukuta, watu wakaingia wote, wakakaa juu ya maua, wakakaa juu ya udongo, wengine juu ya vitunguu, na hakuna aliyeuliza nani amekaa wapi. Mwili wangu ulilegea kama mutu aliyetua mutungi baada ya kupanda mulima. Masika akaitwa. Alipotoka, macho mekundu, mukaka Kyakimwa akasogea kwenye gunia lake, akamupatia nafasi kando yake. Mbuzi walihesabiwa siku ileile. Mvua ilipokatika, tulikuwa bakwe.

Mama Kavugho hakunigombeza mbele ya watu. Jioni, tulipokuwa tunaosha sahani, aliniambia tu, "Kesho nitakusaidia kutoa magunia." Nikalia ndani ya maji ya sahani.

Lakini kabla bakwe hawajapanda gari, mukaka Kyakimwa alinishika mukono akanirudisha ndani. "Lete ile kikwembe yako." Tukapima pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule, ukuta na ukuta. Akanipimisha mara tatu: karibu na dirisha, katikati, karibu na mulango wa kulala. Kila mara kikwembe kilisema neno tofauti, kwa kiganja, kwa vidole. Nikashangaa.

"Unashangaa nini? Ukuta ulijengwa na batu. Shika ile ndefu kuliko zote. Ongeza kiganja kila upande, ya kukata. Usisahau kizingiti. Na ubakize kipande, siku mutu ataangusha kaa ya moto."

Bwana Saidi hakuwa tena na maua. Nilirudi dukani, nikamuambia ukweli, akakubali kwa kichwa kama mutu aliyekuwa ananingoja. Akanipa balatum ya miraba miraba, ya kijani, nikaitandika nyuma, na juu ya muungano Kambale akapigilia kibao. Miaka mingi salon yetu ilikuwa na nyuso mbili, na kila mugeni aliuliza, na kila mara Kambale, Mungu amurehemu, alijibu, "Pale ndipo Kahindo alipochoka."

Sasa turudi kwa Kakule. Nilimuambia haya yote, akarudi kwake, akatoa viti, akatoa televisheni, akatoa kabati ambalo nyuma yake alikuta viatu vya mutoto vilivyopotea tangu Noeli. Akapima mara tatu. Zile karo alizokuwa amekwisha kununua zilipungua katoni mbili nzima. Akakimbia dukani kwa pikipiki, na katoni za rangi yake zilikuwa zimebaki tatu tu. Na unajua barabara zetu siku hizi, kitu kikiisha hujui lini kingine kitafika, na kikifika rangi imegeuka. Akachukua zote tatu. Fundi wake, Tsongo, alivunja karo kwenye pembe na karibu na mulango, kama mafundi wote, na zile za ziada zikamuokoa. Karo nne zimebaki, ziko chini ya kitanda chake. Alinipigia simu, nikasikia pumzi yake imeshuka. "Mukaka, imefika ukutani!" Na mimi huku pumzi yangu ikashuka pamoja na yake.

Basi, mwanangu, kama uko na chumba cha kutandika, cha balatum, cha karo, cha mukeka, usikitazame tu kutoka mulangoni. Toa vitu. Pima palipo tupu na palipofichwa, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya kizingiti. Pima zaidi ya mara moja, ushike kipimo kirefu. Ongeza ya kukata na ya kuvunjika. Nunua yote siku moja. Akikuuliza muuza duka kama umepima vizuri, usimujibu kwa kiburi, anajua kilichobaki kwenye rafu yake. Mukubwa akikuambia neno moja tu, ulisikie, hakulisema kwa kukosa mengine. Na ukikosea, sema umekosea, kabla aibu haijamuangukia mutu mwengine asiye na kosa. Mimi nilichelewa, na bado ilinisaidia.

Masika yuko hai. Ni mukaka sasa kama mimi, anakaa commune ya Ruwenzori, Paluku wake bado ana nguvu ya kulima. Akija kunitembelea, hanisalimii kwanza. Anapita moja kwa moja mpaka kwenye pazia langu, analiinua kwa kidole kimoja, anatazama nyuma, analishusha. Ndipo anageuka, ananishukuru kwa Kinande na kusema, "Wasingya, yaya. Leo imefika."

Mungu akupe nyumba, mwanangu, na watu wa kuijaza. Akupe mukwe wa kukuamini, na wewe ustahili. Na siku wageni watapita hesabu, mvua inyeshe, pazia lianguke, wakute sakafu yako imefika ukutani, na imefagiwa. Amina.